Ndege Wana Majina, Wenyeji Hawana: Siku Mbili Chini ya Mlima Meru

Ndugu msomaji, mimi si mtaalamu wa ndege. Kazi yangu ni kufundisha historia, na kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili mada inayojulikana kama kesi ya ardhi ya Wameru. Naijua kesi hiyo kwa tarehe zake, kwa majina ya mawakili wake na kwa kura zilizopigwa juu yake New York. Jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na nalikiri kwa aibu, ni kwenda kusimama katika ardhi yenyewe nikiwa na wanafunzi wangu. Nilifundisha Ngare Nanyuki kama mtu anavyofundisha Roma ya kale, ilhali basi dogo kutoka Usa River hufika huko kabla ya saa sita mchana.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kulirekebisha kosa hilo, tena kwa njia ambayo sikuitarajia. Wanafunzi kumi na mmoja wa chama chao cha mazingira waliomba mwalimu wa kuwasindikiza katika ziara ya kutazama ndege kuzunguka Mlima Meru: siku ya kwanza Ziwa Duluti na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, siku ya pili nyanda kavu za kaskazini, kando ya barabara ya Namanga. Mwalimu wao wa biolojia alipatwa na dharura, nami nikaombwa kushika nafasi yake. Tulimkodi mwongoza watalii, kijana wa miaka thelathini na ushei, mzaliwa wa Ngare Nanyuki, mwenye darubini shingoni na subira ya mvuvi. Makala haya ni matokeo ya siku hizo mbili. Yanahusu ndege, lakini zaidi yanahusu swali ambalo ndege waliniuliza: katika nchi inayoishi kwa kuwaonyesha wageni mazingira yake, nani anaamua ni hadithi ipi isimuliwe njiani?

Tuanze na majina, kwa kuwa mtazamaji wa ndege huanza na majina. Hatukuwa tumemaliza chai ya asubuhi pale Tengeru, hondohondo mmoja akatua juu ya mti wa mgunga. Mwongozaji wetu akatutajia jina lake la kitabuni: hondohondo wa von der Decken. Mwanafunzi mmoja akauliza von der Decken ni nani. Karl Claus von der Decken alikuwa baroni wa Kijerumani, tajiri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1861 na kurudi mwaka 1862, akauawa katika nchi ya Wasomali mwaka 1865. Siku ya pili, kule nyandani, tuliona makundi ya ndege wadogo wa ardhini wanaobeba jina la Fischer. Gustav Fischer naye alikuwa daktari wa Kijerumani aliyekatiza Umasaini mwaka 1882 na 1883, akitokea Pangani, akipita chini ya mlima huu huu hadi Naivasha.

Sina ugomvi na marehemu hao. Waliona, wakaandika, wakatunza mizoga ya ndege kwa ustadi, na elimu yetu ya leo imesimama kwa sehemu juu ya kazi yao. Lakini mwanahistoria hulazimika kuuliza nani mwingine alikuwapo. Fischer hakuvuka Umasaini peke yake. Misafara ya zama zile ilikuwa na wapagazi kwa makumi na mamia, watu wa pwani na bara, wakalimani, wapishi na wawindaji, na juu ya wote walikuwapo wenyeji waliojua maji yako wapi na ndege yupi hulala wapi. Ndege aliyepewa jina la bwana msafiri mara nyingi alikuwa ameonyeshwa kwa kidole na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Hivyo tangu mwanzo kazi ya kuongoza wageni katika nchi hii ilikuwa na sura hiyo: mwongozaji anajua, mgeni anaandika, na kilichoandikwa ndicho kinachobaki.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba majina yafutwe kesho asubuhi. Mjadala huo upo duniani, na mwaka 2023 chama cha wanaornitholojia wa Marekani kilitangaza kwamba kitabadili majina ya Kiingereza ya ndege wa huko yaliyotokana na majina ya watu. Sisi tuna kazi iliyo karibu zaidi. Kiswahili kina mlembe, kwazi, mnandi, mwari, heroe, kwera na kwezi. Niliwauliza wanafunzi wangu, wote wasomi wa chuo kikuu, wanitajie kwa Kiswahili ndege watano tuliowaona Duluti kabla ya saa tatu. Wengi waliishia kwa tai na bata. Majina ya Kiingereza waliyajua kumi na mawili. Lugha tusiyoitumia kutazama nchi yetu itakuja kuwa lugha ya mikutano ya hadhara na matangazo ya misiba tu.

Ziwa Duluti ni ziwa la kreta, duara la maji lililozungukwa na msitu wa hifadhi, na kulizunguka kwa miguu hakuchukui zaidi ya saa mbili ikiwa mtu hana haraka. Tuliona kwazi akipaza sauti juu ya mti mkavu, minandi wakianika mabawa, na kenge mnene aliyekimbilia majini kwa kishindo kikubwa kuliko umbo lake. Katika mapumziko, mwongozaji wetu alitusimulia habari za Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuanzia mwaka 1942, wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa na Wasovieti kutoka kwao, waliletwa Tengeru na kujengewa kambi. Baadhi yao walifia hapa, na makaburi yao yanatunzwa hadi leo. Alisimulia vizuri sana: safari yao kupitia Uajemi, shule zao, kanisa lao. Niliguswa. Watu waliong'olewa kwao na kupewa hifadhi na udongo wetu wanastahili kukumbukwa.

Mchana tuliingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha kupitia lango la Ngongongare. Ni hifadhi ndogo ukiilinganisha na Serengeti, lakini imejaaliwa vitu vingi kwa pamoja: msitu wa mlimani wenye mbega weusi kwa weupe, Kreta ya Ngurdoto ambayo mgeni huitazama kutoka ukingoni bila kushuka chini, na maziwa saba ya Momela yenye magadi, kila moja na rangi yake kwa sababu ya aina ya mwani ulio ndani yake. Juu ya yote umesimama Meru wenyewe, mita 4,566, ukiwa umebomoka upande wa mashariki. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo wa mlima uliporomoka, na vilima na mabonde yanayohifadhi maziwa ya Momela ni kifusi cha maporomoko hayo. Heroe walikuwapo siku ile, wamesimama katika maji ya kina kifupi kama waridi zilizomwagwa, na wanafunzi walisahau simu zao kwa dakika kadhaa, jambo ambalo mimi darasani sijawahi kulifanikisha.

Karibu na Momela mwongozaji alisimulia hadithi ya pili. Alitueleza habari za Margarete Trappe, mlowezi wa Kijerumani aliyefika mwaka 1907, akaishi Momela na kuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kufanya kazi ya uwindaji wa kitaalamu katika Afrika ya Mashariki. Akaendelea na filamu ya Hatari! iliyoongozwa na Howard Hawks na kutoka mwaka 1962, ambamo John Wayne alikimbizana na vifaru kwa gari, na jinsi mwigizaji mwenzake Hardy Krüger alivyoipenda nchi hii hata akanunua shamba hapo hapo Momela. Hadithi hii nayo aliisimulia kwa ufundi, akajua wapi pa kunyamaza na wapi wageni hucheka.

Kisha tukasogea kaskazini, nyumba za Ngare Nanyuki zikaonekana mbele yetu. Ngare Nanyuki ni maneno ya Kimaasai, maji mekundu. Nilisubiri hadithi ya tatu. Haikuja. Mwongozaji alituonyesha kwezi juu ya waya wa umeme.

Msichana mmoja wa darasa langu, ambaye alikuwa amefanya mtihani wa kesi ya Wameru wiki sita tu kabla, ndiye aliyeuliza. "Kaka, mbona hapa hukutusimulia kitu? Si ndipo walipofukuzwa watu?"

Kijana yule alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Dada, nyumba ya bibi yangu ilikuwa kule, karibu na ile miti," alisema. "Lakini Dokta atanisamehe. Wageni wangu hulipia ndege. Hawajalipia bibi yangu."

Nimetafakari sentensi hiyo kwa miezi mingi. Kabla ya kuieleza, inanibidi niisimulie hadithi ambayo haikusimuliwa, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata kuisoma.

Wamishonari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa katika miteremko ya Meru mwezi Oktoba 1896. Utawala wa Kijerumani ulijibu kwa safari za kijeshi zilizochoma nyumba, kupora ng'ombe na kuua. Miaka michache baadaye Waarusha na Wameru walioshindwa vita ndio waliolazimishwa kujenga boma la Wajerumani, lililokamilika mwaka 1900. Jengo hilo lipo hadi leo katikati ya jiji la Arusha. Tangu mwaka 1987 ni makumbusho ya elimu viumbe, na watoto wa shule hupelekwa humo kutazama wanyama na mabaki ya kale. Baada ya boma yakafuata mashamba. Ardhi ya miteremko ya chini ya mlima iligawiwa walowezi, kwanza chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, hata Wameru na Waarusha wakajikuta wamezungukwa na pete ya mashamba ya wageni, na njia zao za kushusha ng'ombe kwenda kwenye magadi na malisho ya tambarare zikakatizwa.

Baada ya Vita vya Pili, serikali ya Kiingereza iliunda tume ya ardhi ya Arusha na Moshi chini ya Jaji Mark Wilson. Katika mapendekezo yake lilikuwapo wazo la kupanga eneo la kati ya Meru na Kilimanjaro ili liwe la walowezi peke yao. Wameru waliokuwa Ngare Nanyuki wakaonekana wako mahali pasipo pao. Wakaambiwa wahamie Kingori. Wakakataa. Tarehe 17 Novemba 1951 operesheni ya kuwaondoa ilianza: nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa.

Walichokifanya baada ya hapo ndicho kinachoifanya kesi hii ifundishwe hadi leo. Hawakuchukua silaha. Walichangishana fedha, wakaunda umoja wao wa raia, wakampata wakili Earle Seaton, Mbermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, wakamtuma Kirilo Japhet aende New York. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Mwafrika wa kwanza kutoka Tanganyika kufanya hivyo, akaeleza yaliyowapata watu wake. Baadaye mwaka huo azimio la kuwaunga mkono lilipita katika Kamati ya Nne, lakini katika Mkutano Mkuu likakosa theluthi mbili za kura. Wakashindwa kwa hesabu ya kura. Hata hivyo Kirilo aliporudi alizunguka nchini akisimulia, na watu wa mikoa ambayo haikuwa na mlowezi hata mmoja wakaanza kuelewa kwamba jambo la Wameru ni jambo lao. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuta udongo umekwisha kulimwa. Kirilo na Seaton waliandika kisa chote katika kitabu, *The Meru Land Case*, kilichotoka Nairobi mwaka 1967.

Sasa tazama tarehe zinazofuata. Mwaka 1960, miaka tisa baada ya moto wa Ngare Nanyuki, ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kreta ya Ngurdoto. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, ulifanyika hapa Arusha mkutano wa Afrika juu ya hifadhi ya mazingira, ambapo Mwalimu Nyerere alitoa tamko lililokuja kuitwa Tamko la Arusha la uhifadhi, akiahidi kwamba taifa jipya litawalinda wanyamapori kama amana. Mwaka 1962 maziwa ya Momela yakaongezwa. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, kreta ya Meru nayo ikaingizwa na hifadhi ikapewa jina la sasa. Katika miaka ya 2000 msitu wa hifadhi wa mlima uliongezwa pia, na eneo likawa mara kadhaa ya lile la mwanzo.

Kwa mtu wa serikali, mfuatano huo ni historia ya mafanikio, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Bila hifadhi, msitu ule ungekuwa umekwisha kuwa mkaa na mbao, na vijito vinavyonywesha Arusha na Arumeru vingekuwa hadithi. Lakini kwa mwanakijiji wa mpakani, mfuatano huo huo unasomeka tofauti. Mtafiti Roderick Neumann, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu hifadhi hii, alionyesha jinsi wanakijiji walivyozipoteza haki za njia, malisho, kuni na asali moja baada ya nyingine, na jinsi walivyouona mpaka wa hifadhi kama mwendelezo wa mpaka wa shamba la mlowezi. Mkoloni aliwaambia: ondokeni, hapa patakuwa pa ng'ombe wa kisasa. Dola huru iliwaambia: msiingie, hapa ni pa nyati. Sababu zilibadilika, na sababu ya pili ni bora kuliko ya kwanza, lakini mtu aliyesimama nje ya mpaka alibaki yule yule.

Ndugu zangu watumishi wa umma, nalisema hili bila nia ya kubeza kazi yenu. Ni wazi kwamba tangu mwaka 2022 nchi yetu imekuwa katika mjadala mzito kuhusu Loliondo, na kuhusu kuhamia Msomera kwa wakazi wa Ngorongoro. Kila mmoja ana msimamo wake. Ninachoomba ni kwamba anayeshika kalamu kuandika mpango wa kuhamisha watu, kwa sababu yoyote ile, awe amesoma kwanza habari za tarehe 17 Novemba 1951. Asome pia kwamba wale waliotekeleza operesheni ile waliamini kabisa kuwa wanapanga matumizi bora ya ardhi.

Swali kwamba utalii ni wa nani si geni kwetu. Mwaka 1970 kulizuka mjadala mkali katika gazeti la The Standard, ulioanzishwa na vijana wa TANU, kama nchi ya kijamaa inaweza kujenga uchumi wake juu ya kuwahudumia wageni. Issa Shivji aliyakusanya makala ya mjadala huo katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Wapo waliosema utalii unazaa utumwa mpya, na wapo waliosema nchi maskini haina anasa ya kuchagua fedha za kigeni. Leo mjadala huo unaonekana kama umeamuliwa, kwa kuwa utalii umeshinda. Lakini katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na jaribio ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa jibu la kati: utalii wa kitamaduni, ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV katika vijiji kama Ng'iresi, Mulala na Longido. Mgeni alilala kijijini au alipita kwa miguu, akaongozwa na kijana wa kijiji, na sehemu ya malipo ikaenda shuleni au katika mradi wa maji. Si kila kijiji kilifanikiwa, na si kila senti ilifika ilikokusudiwa. Lakini wazo lilikuwa sahihi: mwenyeji ni msimulizi, si mandhari.

Siku ya pili ilinithibitishia hivyo. Tuliondoka alfajiri kwa barabara ya Namanga, tukaupita Oldonyo Sambu, na mlima ukatugeuzia mgongo wake mkavu. Kule, katika uwanda wa nyasi fupi na vumbi la majivu ya volkano, anaishi ndege ambaye watazamaji hutoka Ulaya na Marekani kuja kumwona. Ni kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo wa rangi ya udongo, mwenye mkia mfupi na mwendo wa haraka haraka, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966. Ndugu zake wa karibu wanaishi kusini mwa Afrika, Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Yeye amebaki peke yake, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao, katika kipande kidogo cha uwanda kaskazini mwa Meru, na idadi yake ni ndogo mno.

Tulipofika, kijana wa Kimaasai mwenye fimbo na shuka alitupokea. Alizungumza kwanza na mwongozaji wetu, kisha akaja kutusalimu mmoja mmoja. Ada ya kijiji ilikatiwa stakabadhi. Akatembea mbele yetu kwa dakika arobaini hivi, akisimama, akisikiliza, akitazama ardhi na si anga. Kisha akanyoosha fimbo. Ilinichukua muda kumwona ndege, ingawa alikuwa hatua ishirini tu mbele yangu. Nyuma yake mbuzi walikuwa wakila.

Zingatia jambo hili, ndugu msomaji. Ndege adimu kuliko wote wa eneo la Meru haishi ndani ya hifadhi. Anaishi nje, katika ardhi ya wafugaji, miongoni mwa mbuzi na ng'ombe. Sisemi kwamba ufugaji ni mtakatifu. Mifugo ikizidi uwanda utakuwa jangwa, na jembe likiingia uwanda utakuwa shamba, na katika hali zote mbili ndege huyu atapotea. Lakini hatima yake iko mikononi mwa watu wa pale, siyo mikononi mwa askari wa lango lolote. Nilimuuliza yule kijana kama wazee wake walimjua ndege huyu kabla wageni hawajaanza kuja. Alicheka. "Mwalimu, sisi tulimjua. Hatukujua tu kwamba ni mmoja duniani."

Katika jibu hilo kuna hoja yangu yote. Mwenyeji alimjua ndege, na mtaalamu alijua uchache wake. Elimu hizo mbili zilipokutana, ndege akapata mlinzi, kijiji kikapata ada, na sisi tukapata asubuhi ambayo hatutaisahau. Hiyo ndiyo hali inayoafiki methali yetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Tumezoea kuinukuu methali hii katika mikutano ya utalii na kuishia kwenye nusu yake ya kwanza. Takwimu za wageni walioingia husomwa kila mwaka. Ripoti ya wenyeji waliopona sijawahi kuisikia ikisomwa.

Nirudi kwa yule mwongozaji wetu na bibi yake. Jioni ya siku ya kwanza, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya mgahawa mdogo, alitusimulia hatimaye, bila kulipwa. Bibi alikuwa mke kijana mwaka ule. Alikumbuka moshi, alikumbuka kutembea akiwa na mtoto mgongoni, na alikumbuka kuku. Ng'ombe waliswagwa na kuhesabiwa, lakini kuku hakuna aliyewahesabu. Walibaki wakizunguka majivu. Hadi uzeeni alikuwa akiuliza nani aliwala. Wanafunzi wangu walinyamaza. Miaka kumi ya mihadhara yangu haikuwahi kuwa na kuku ndani yake.

Nilimuuliza kwa nini hasimulii hayo kwa wageni. Alijibu kwa upole kwamba katika mafunzo yake alisoma ndege, mamalia, huduma ya kwanza na lugha. Habari za Wapolandi alizisoma kwa sababu wageni wa Poland huja. Habari za filamu alizisoma kwa sababu wageni huuliza. Za bibi yake hakuna aliyempa kitabu, na hakuna aliyeuliza. Basi si woga na si usahaulifu. Kumbukumbu imefuata mkoba. Na mimi ninayekula mshahara wa kutunza kumbukumbu hiyo nilikuwa nimeifungia katika ukumbi wa mihadhara, kilomita nyingi kutoka kwa kijana aliyeihitaji.

Mapendekezo yangu ni matatu, na hayahitaji bajeti ya kutisha. Kwanza, vyuo vinavyofundisha waongoza watalii viweke somo la historia ya ardhi ya mahali husika, nasi walimu wa historia tujitolee kuandaa vijitabu kwa Kiswahili sanifu na chepesi. Pili, pawepo kibao cha kumbukumbu ya mwaka 1951 pale Ngare Nanyuki, kando ya barabara ambayo magari ya watalii hupita kila siku. Tatu, orodha za ndege zinazouzwa malangoni ziwe na safu ya majina ya Kiswahili, na pale wazee wanapokumbuka, majina ya Kimeru na Kimaasai. Wanafunzi wangu tayari wameanza kuyakusanya, na daftari lao limefika ukurasa wa kumi na nne.

Nimemtaja mlembe hapo juu bila kumweleza. Ni ndege mdogo asiye na rangi za kujivunia, ambaye huwaita watu na kuwaongoza mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Mrina asali hutoa asali yake, na humwachia mlembe nta. Warina asali wa sehemu nyingi za Afrika huamini kwamba mtu akimnyima mlembe sehemu yake, safari ijayo atampeleka kwa nyoka au kwa simba. Wanasayansi hawajaithibitisha imani hiyo. Lakini ningependa kila anayepanga mgawanyo wa mapato ya utalii katika nchi hii aitafakari kabla ya kuweka saini.

Naomba kuwasilisha.